Kabla ya kwenda Addis Ababa kwa Meskel au Timkat

Anza na kalenda, tiketi ije baadaye. Ethiopia ina kalenda yake yenye miezi 13, na mwaka wao uko nyuma ya wetu kwa miaka 7 au 8. Meskel, sikukuu ya kupatikana kwa Msalaba wa Kweli, kwa kawaida huangukia 27 Septemba. Timkat, ukumbusho wa ubatizo wa Yesu katika mto Yordani, huwa 19 Januari. Ila kuna miaka tarehe husogea siku moja: Meskel ya 2027 ni 28 Septemba, na Timkat inayofuata, ya 2028, ni 20 Januari.

Tena usifike siku yenyewe, utakuta mengi yamekupita. Uhondo wa Meskel uko jioni ya kuamkia sikukuu, lundo la kuni liitwalo Demera linapowashwa moto katika Uwanja wa Meskel. Timkat nayo huanza siku moja kabla: mapadri hutoa taboti, yaani nakala takatifu za Sanduku la Agano, makanisani na kuzisindikiza kwa nyimbo na ngoma hadi uwanja wa Jan Meda, zikalale huko mpaka alfajiri, maji yabarikiwe na watu wanyunyiziwe. Mimi ningechagua Timkat, maana Januari ni kiangazi, wakati Septemba mvua ndiyo kwanza zinaaga.

Kuhusu saa, Mswahili ana nafuu, kwani Waethiopia huhesabu kama sisi: jua likichomoza, saa moja haiko mbali. Anayehangaika ni Mzungu. Lakini tiketi ya ndege hufuata saa za kimataifa, na dereva anayekupa miadi kwa Kiingereza huenda bado anahesabu za kwao. Muulize kama ni asubuhi au mchana.

Beba sweta. Mji uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Tanga au Mombasa atahema ngazini siku ya kwanza, na usiku atatetemeka. Waumini huvaa nyeupe, na netela, shuka nyeupe nyepesi ya kujitanda, utaipata soko la Shiro Meda. Vaa viatu vyepesi kuvua, kwa sababu kanisani huingii navyo. Begi liwe dogo: penye umati kuna upekuzi.

Wakenya hawahitaji viza. Wengine waangalie masharti mapema, pamoja na kadi ya homa ya manjano. Dola badilisha benki, achana na vijana wa mtaani hata wakikupa bei tamu.

Jumatano na Ijumaa ni siku za mfungo kwa Waorthodoksi, kwa hiyo migahawa mingi huwa na injera (mkate mwembamba wa chachu) kwa shiro (mchuzi wa unga wa kunde), dengu na mboga, bila nyama wala maziwa. Na ukikaribishwa kahawa nyumbani kwa mtu, usipange safari nyingine saa hiyo: buni hukaangwa mbele yako, na hunywewa raundi tatu.