Kabla Hujanunua Kaiti Kuukuu

Kila Desemba, watu wa Nairobi tukianza kupanga safari ya Pwani, lazima mtu aulize kwenye kundi la WhatsApp: nimepata kaiti ya bei rahisi, niichukue? Nazungumzia lile tiara kubwa linalomvuta mtu akiwa juu ya ubao baharini. Mwaka jana waliuliza wawili. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hivyo kaa hapa usome.

Jua kuogelea, na sisemi kuelea kwenye kidimbwi cha hoteli. Tafuta mwalimu mwenye cheti cha IKO, shirika la kimataifa la mchezo huu, umlipe. Uliza msimu wa upepo: kaskazi huanza Desemba mpaka Machi, kusi ni Juni mpaka Septemba, na katikati yake unaweza kukaa Diani wiki nzima ukitazama bahari tu. Kofia ngumu. Jaketi la kuelea. Hayo yanajulikana.

Sasa vifaa. Usianze na bei, anza na mwaka. Kaiti za zamani, hasa za kabla ya 2005 hivi, nyingi zina umbo la herufi C, na ukiachilia baa, ile fimbo ya kuiongozea kaiti, bado zinakuvuta. Zilizofuata, zenye umbo la upinde, ukiachilia baa nguvu karibu yote hukatika. Mwanafunzi akishtuka huing'ang'ania baa na kuivutia kifuani, na huko ndiko kuongeza moto. Mwalimu atatumia siku nzima kukufunza kuachilia. Itakufaa nini kama kaiti yenyewe haijui kukuachilia wewe?

Yangu niliinunua kwa jamaa aliyekuwa akiuza vyombo vya nyumba kabla ya kuhama nchi. Mita za mraba 12, shilingi 15,000, pampu bure. Nikajiona mjanja. Hata Diani sikungoja. Jumapili baada ya kanisa nilimbeba binamu yangu tukaenda uwanja mmoja wazi Kitengela, "kuijaribu tu". Watoto wakajaa kutazama. Dakika kumi za kwanza zilikuwa tamu, nisidanganye. Halafu upepo ukapanda. Kuna hesabu ambayo sikuwa nimeambiwa: upepo ukitoka kilomita 20 kwa saa ukafika 40, mvuto hauwi mara mbili, huwa mara nne. Nikaachilia baa. Hakuna kilichopungua. Nikasukuma kifungulio cha dharura, kile chekundu kilicho mbele ya mshipi wa kiunoni. Hakikusonga. Chumvi na mchanga wa miaka mingi vilikuwa vimekigandisha, nami sikuwa nimekijaribu hata mara moja pale sebuleni. Nilikokotwa kwa tumbo juu ya nyasi na miiba, binamu akipiga kelele "Achilia! Achilia!" kana kwamba nilikuwa nimeshikilia kwa raha zangu. Mwishowe akanirukia miguu, tukakokotwa wawili. Kaiti ilinasa kwenye mgunga ikapasuka, hatua chache kabla ya ua wa seng'enge. Bega langu la kushoto lilikuwa limetoka. Suruali yake ya kanisa nilimlipa.

Kwa hivyo kabla ya kutoa pesa, vaa mshipi, mtu avute kamba kwa uzito wake wote, nawe ufungue kwa mkono mmoja. Rudia mara tano. Ikikwama hata mara moja, ondoka. Kisha angalia kama ukishafungua kaiti inabaki imeshikwa na kamba moja tu, ili ianguke na kulala bila nguvu. Kama haina kamba hiyo, ukijiokoa wewe itaruka ikamkute mama anayeuza madafu.

Pulizia tyubu zote za hewa zinazoipa kaiti umbo jioni uziache mpaka asubuhi. Zikiwa zimelegea, kuna tundu au gundi ya vali imekauka, na tyubu ikiisha pumzi ukiwa karibu na mwamba huna tena tiara, una shuka zito lililolowa. Funga kamba zote nne kwenye nguzo moja uzivute: urefu uwe sawa. Za mbele hubeba mzigo mkubwa hivyo hurefuka kuliko za nyuma, na kaiti ya namna hiyo huanguka kinyumenyume bila wewe kujua umekosea wapi. Kitambaa kikiwa laini kama leso ya kufulia, jua limeshakimaliza.

Uwe na kisu kidogo cha kukatia kamba. Usiingie maji peke yako. Upepo ukitoka nchi kavu kwenda baharini, kaa unywe chai. Uliza wavuvi maji yanakupwa saa ngapi. Na usijaribu Ngong eti kuna upepo mzuri. Pale upepo unatosha mitambo ya umeme, wewe ni kilo sabini. Muuzaji akikataa mpulizie kaiti na kuvuta kamba mbele yake, mshukuru, shika matatu urudi nyumbani.