Picha iko safi kwenye simu, ukiprinti inatoka na ukungu: cheki pikseli kwanza

Hii kitu inasumbua watu wengi. Unaiangalia picha kwenye simu iko poa kabisa, hadi kope za mtoto unazihesabu, unapeleka iprintiwe kubwa uitundike ukutani inarudi na ukungu, pembeni kuna vimraba vimraba kama vigae. Kabla hujagombana na mwenye printa angalia kwanza ulimpa faili gani.

Picha ya dijitali ni vidoti vya rangi vimepangwa kwa mistari, kila kidoti ndo pikseli. Fungua maelezo ya picha kwenye simu yako utaona namba mbili, mfano 4000 x 3000, maana yake vidoti 4000 vya kulala na 3000 vya kusimama, ukizidisha unapata milioni 12, na ndo hizo megapikseli 12 wanazotangaza kwenye simu. Hizo namba mbili ndo mtaji wako wote.

Sasa hesabu yenyewe. Printi ya kushika mkononi inataka kama pikseli 300 kwa kila inchi, kwa hiyo unachukua namba zako unagawa kwa 300 basi. 4000 inakupa inchi 13 na kitu, 3000 inakupa 10, hapo A4 unaprinti bila wasiwasi maana yenyewe inahitaji kama 3508 kwa 2480. Ile ya inchi 6 kwa 4 inataka 1800 kwa 1200 tu. Bango la ukutani hata 150 kwa inchi linatoka vizuri kwa sababu mtu analiangalia akiwa mbali kidogo, na yale makubwa ya barabarani ni chini zaidi ya hapo, nani anaenda kuyabandikia pua?

Kuna ujanja watu wanaufanya, wanaingia kwenye programu wanakuta imeandikwa pikseli 72 kwa inchi wanabadilisha wanaweka 300 wanasevu wanajua wamemaliza. Hujafanya kitu hapo. Hiyo ni lebo tu inayoiambia printa vidoti vibanane kiasi gani, pikseli ziko vilevile. Na ukilazimisha programu iongeze pikseli, inabuni kwa kuangalia zile za jirani, ni kama kuongeza maji kwenye rangi ya ukuta, ndoo itajaa ila ukuta haukolei.

Mharibifu mkubwa kwa maoni yangu ni kutumiana. Ukituma picha kawaida kwa WhatsApp inabanwa ili iende haraka, tuseme imefika ikiwa 1600 kwa 1200, gawa kwa 300 uone, inchi 5 na kidogo kwa 4, halafu mtu anataka ya kutundika sebuleni! Omba utumiwe kama dokyumenti, au kwa imeili, hapo inafika kama ilivyo. Ile ya kutuma kwa HD humohumo WhatsApp ni afadhali ila nayo inabanwa. Skrinishoti ndo usiguse kabisa, ile inabeba vidoti vya skrini yako sio vya picha. Mimi niliwahi kuprinti skrinishoti ya picha ya harusi, mpaka leo iko kabatini imegeuziwa ukutani.

Kukata nako kunakula pikseli kuliko unavyodhani. Ukibakiza nusu ya upana na nusu ya urefu umebaki na robo ya picha, ile ya megapikseli 12 sasa ni 3. Kuzumu kwa vidole ukipiga mara nyingi ni mchezo huohuo, bora usogee kwa miguu.

Kwa kuangalia kwenye skrini tu mambo ni mepesi, skrini ya Full HD ni 1920 kwa 1080, hazizidi sana megapikseli 2, kwa hiyo kuweka mtandaoni picha nzima ya 12 ni kumaliza bando la watu. Punguza, ila punguza kopi, orijino iache. Na JPEG, ile aina ya faili ya picha iliyozoeleka, ukiifungua ukaedit ukasevu tena na tena inachakaa kidogo kila mara.

Picha za zamani za karatasi, ukiskani ya 6 kwa 4 kwa 300 utairudisha saizi ileile tu, ukitaka ikue mara mbili kila upande skani kwa 600.

Halafu umbo: simu nyingi zinapiga 4 kwa 3 wakati karatasi ya 6 kwa 4 ni 3 kwa 2, haviingiliani, ndo maana vichwa vinakatwa. Kata mwenyewe kabla ya kupeleka, au mwambie mwenye printa aache ukingo mweupe pembeni.