Namna ya Kuhakiki Tamthilia ya Muziki Iliyorudishwa Jukwaani

Mhakiki wa tamthilia ya zamani inayoonyeshwa upya hana budi kuzitambua nyakati tatu kabla hajafika ukumbini: wakati unaosimuliwa, wakati wa utunzi, na wakati wa onyesho lenyewe. Tuchukue Ragtime, tamthilia ya muziki ya Kimarekani iliyotokana na riwaya ya E. L. Doctorow ya mwaka 1975. Hadithi yake inatukia New York na pembezoni mwake mwanzoni mwa karne ya 20, katika miaka ileile ambayo reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa ikisogea hadi ikafika hapa Tabora mwaka 1912. Tamthilia hiyo ilifunguliwa Broadway, eneo la kumbi kubwa za maonyesho mjini New York, mwaka 1998, ikarudishwa huko mwaka 2009. Msomaji wako anataka kujua ni kitu gani katika hadithi hiyohiyo kinasikika tofauti leo.

Soma historia ya kutosha kukuwezesha kutenganisha watu walioishi kweli, kama Booker T. Washington, kiongozi wa Wamarekani Weusi, Emma Goldman, mwanaharakati, na Henry Ford, mtengenezaji wa magari, na wa kubuni, kama Coalhouse Walker, mpiga piano Mweusi ambaye gari lake linaharibiwa na wazimamoto Weupe, naye akanyimwa haki kila anapoidai. Kuhesabu makosa ya kihistoria peke yake si uhakiki.

Shuleni tulizoea kutenga maudhui na fani, kila kimoja na aya zake. Kwa tamthilia ya muziki mazoea hayo yanapotosha, kwa kuwa hoja nyingi zimo ndani ya mapigo. Katika ragtime, mtindo wa muziki wa piano ulioipa tamthilia jina lake, mkono wa kushoto wa mpiga piano hushika mwendo ulio sawa huku wa kulia ukiukwepa. Sikiliza kama mwongozaji ameutumia mvutano huo pale Weusi, Weupe na wahamiaji wanapokutana katika wimbo wa ufunguzi, au amewapanga tu kama kwaya.

Kikundi kimoja cha wanafunzi kilipoigiza hapa sehemu za tamthilia hiyo, gari lilikuwa fremu ya mninga isiyo na matairi, nami niliandika kwamba “lilipendeza”, neno ambalo hadi leo linanikera. Nilichopaswa kueleza ni kwamba mwigizaji alitoa leso akaifuta taa isiyokuwepo, polepole, kana kwamba anamwosha mtoto uso, na kwa sababu hiyo wazimamoto walipoingia ukumbi ulinyamaza kabla hawajagusa chochote.

Muhtasari wa hadithi usizidi aya moja, na mwisho usiufichue. Linganisha na onyesho la awali ikiwa tu umeliona, au umesikiliza rekodi yake yote. Andika usiku uleule, kisha asubuhi uhakiki majina ya waigizaji kwenye karatasi uliyopewa mlangoni, pamoja na la mpiga kinanda, ambaye wengi wetu humsahau.