Kutunza chujio la hewa la kuoshwa kwenye ndege ya kujiundia

Chujio la kuoshwa, kama yale ya K&N yanayofungwa kwenye ndege nyingi za kujiundia, lina tabaka kadhaa za shashi ya pamba zilizokunjwakunjwa na kubanwa katikati ya nyavu mbili za waya. Kinachonasa vumbi si pamba peke yake, ni pamba yenye oili. Shashi kavu hupitisha vumbi laini, na vumbi hilo likiingia kwenye oili ya injini hugeuka msasa unaokula ringi na kuta za silinda. Oili ikizidi nayo hufyonzwa na hewa, ikatapakaa kwenye koo la kabureta, na kwa injini zinazopuliza petroli kwa nozeli ikachafua sensa. Kwa hiyo ugumu wa kazi hii hauko kwenye kuosha. Uko kwenye kupima oili na kulirudisha chujio bila kuacha upenyo.

Muda wa kuosha hutegemea kitabu cha injini yako na viwanja unavyotua. Kwa injini ya Rotax 912, chujio huangaliwa kwenye matengenezo ya kila saa 100 za kufanya kazi. Ukitua kwenye udongo au changarawe, liangalie mapema zaidi, kila saa 25 ni desturi nzuri. Ukiona waya wa nje bado unaonekana vizuri kila upande, liache. Kuoshaosha bila sababu huchosha pamba na raba, na kila ukilifungua unajipa nafasi mpya ya kulifunga vibaya.

Kabla ya kufungua, pangusa nje kwa brashi laini ili mchanga usidondokee ndani. Legeza klampu, vuta kwa kushika raba, usishike wavu. Hapohapo pitisha kitambaa cheupe ndani ya njia ya hewa, upande wa kabureta. Kikitoka na vumbi, kuna hewa inayopita pembeni ya chujio, na mara nyingi utaona mstari mwembamba wa vumbi unaoanzia pale penye pengo. Tatizo hilo litatuliwe kwanza, maana chujio safi lenye pengo halilindi kitu. Kisha ziba koo la kabureta kwa kizibo chenye utepe mwekundu mrefu unaoning'inia nje. Kitambaa kilichosukumizwa ndani husahaulika.

Puliza dawa ya kusafishia ya mtengenezaji pande zote mbili, subiri dakika 10, ila isikaukie humo. Suuza kwa maji baridi ya bomba yenye nguvu ndogo, ukianzia upande safi (unaoelekea kabureta) kwenda upande mchafu. Ukianza kinyume unausukuma uchafu ndani zaidi. Rudia kama maji bado yanatoka na rangi. Petroli, mafuta ya taa na thina huharibu raba na gundi inayoshika mikunjo. Hewa ya kompresa hutoboa shashi, na mashine ya kuosha kwa presha hufanya vivyo hivyo. Kung'uta maji kwa mkono kunatosha. Kisha chujio likauke lenyewe kivulini, hata usiku mzima. Oveni na kikausha nywele hukakamaza pamba.

Likikauka, lishike mbele ya taa. Mwanga upenye sawasawa kwenye kila mkunjo. Kitundu kinachong'aa, waya uliokatika au raba yenye ufa ni mwisho wa chujio hilo. Waya uliokatika hauzibwi kwa gundi, kwa sababu kipande kikichomoka kinaishia kwenye silinda.

Sasa oili, na iwe ile ya machujio ya pamba. Oili ya injini haikai kwenye nyuzi. Pitisha mstari mmoja mwembamba kwenye kila mkunjo, mara moja tu. Subiri dakika 20 ienee. Palipobaki peupe ongeza tone dogo, halafu subiri tena. Rangi ya oili ikionekana sawa pande zote, acha. Likidondosha, oili imezidi: liweke juu ya karatasi ya kufutia mpaka liache. Usitie oili kwenye pamba yenye unyevu, haitashika.

Kwenye injini yenye kabureta mbili na chujio kwa kila moja, osha yote mawili siku moja. Moja likipumua zaidi kuliko jingine, mchanganyiko wa hewa na petroli hutofautiana na injini hutetemeka. Wakati wa kufunga, hakikisha raba imekaa mpaka mwisho, kaza klampu bila kuikata raba, kisha funga chujio kwa waya wa usalama wa milimita 0.8 ili lisidondoke hata klampu ikilegea. Kwenye boksi la hewa la fiberi, kagua nyufa na ribiti zilizolegea, hasa zile zilizo upande wa kabureta.

Ukiwa chini, tumia joto la kabureta (hewa ya moto inayopelekwa kwenye kabureta kuzuia barafu) kwa muda mfupi wa majaribio tu, mahali pasipo na mchanga. Kwenye ndege nyingi hewa hiyo haipiti kwenye chujio kabisa.

Chujio likiwa safi, andika kwenye kitabu cha ndege shinikizo la manifoldi (bomba la hewa inayoingia kwenye silinda) throto ikiwa wazi kabisa, au, kwa propela isiyobadilika pembe, mizunguko yake kwa dakika throto ikiwa wazi kabisa na ndege ikiwa imesimama. Rudia siku yenye joto na hewa inayofanana. Tarakimu ikishuka, angalia chujio kwanza. Ukipeleka oili ya injini maabara, silikoni inayopanda ni dalili ya vumbi, isipokuwa kama karibuni ulitumia gundi ya silikoni kwenye njia ya hewa au injini. Hiyo nayo hupandisha kipimo, kwa hiyo iandike tarehe uliyoitumia.