Namna ya Kumwandaa Mwalimu Mgeni Shuleni Dodoma

Kabla mwalimu kutoka ng'ambo hajaingia darasani, mweleze kwamba mwanafunzi anayeinamisha macho anaposemeshwa hana kiburi, bali anamheshimu, na kwamba "Shikamoo, mwalimu" hujibiwa "Marahaba", hata kama ana miaka 23 na anaona haya kuamkiwa hivyo. Siku mtoto atakapomletea karanga zilizofungwa kwenye kipande cha gazeti, azipokee kwa mikono miwili wala asizilipie, maana pesa hapo huumiza. Nimewahi kumwona mtoto akirudi kwenye dawati lake akilia, sarafu ikiwa kiganjani. Mwalimu akikaribishwa ugali wa uwele na mlenda nyumbani kwa Wagogo, anawe, ale kwa mkono wa kulia. Mtu akitaka kuzungumza naye faraghani, mwalimu amsikilize, mlango wa ofisi ukiwa wazi.