Herufi moja iliyodondoka: namna ya kusahihisha makosa madogo kwenye nyaraka za programu huria

Mwongozo wa kusakinisha programu fulani unakuelekeza uandike hivi:

pip install -r requirement.txt

Ukichungulia kwenye folda, faili linaitwa requirements.txt. Imedondoka s moja tu. Mzoefu wa Python, lugha ya programu inayotumia amri hiyo, ataiongeza bila hata kufikiri. Anayeanza leo ataambiwa "No such file or directory", atahangaika jioni nzima, mwisho ataamini yeye ndiye mbumbumbu. Kwa hiyo mimi nikikuta kosa ndani ya amri, jina la faili au kiungo kilichokufa, nashughulikia hilo kwanza. Koma zitasubiri.

Huhitaji kuwa mwanaprogramu. Akaunti ya GitHub, tovuti inayohifadhi miradi mingi ya programu huria, na kivinjari vinatosha, hata cha simu. Usipakue mradi mzima, utamaliza bando bure.

Hatua ya 1: Hakikisha kosa bado lipo. Nyaraka huwa na matoleo. Za Python, kwa mfano, zina kisanduku cha kuchagua toleo juu ya ukurasa, na ukiwa umetokea Google unaweza kujikuta kwenye toleo la zamani. Fungua la karibuni. Kisha nenda kwenye hazina ya mradi (ukurasa wake wa GitHub wenye mafaili yote), utafute neno lenyewe kwenye Issues (kasoro zilizoripotiwa) na Pull requests (maombi ya kuingiza marekebisho). Huenda mwenzio ameshaliwahi.

Hatua ya 2: Tafuta faili linalozaa ukurasa huo. MDN, tovuti ya nyaraka za teknolojia za wavuti, wameweka kiungo cha GitHub chini ya kila makala. Nyaraka za Python zimo kwenye folda ya Doc, na mafaili yake yanaishia na .rst, si .md. Tofauti hiyo si ya urembo: kwenye Markdown (ndiyo .md) kipande cha kodi (code) hufungwa kwa alama moja ya ` kila upande, kwenye .rst hufungwa kwa mbili. Kuna pia kurasa zinazotengenezwa kutokana na maelezo yaliyo ndani ya kodi yenyewe, kama zile za kazi (functions) za NumPy, maktaba ya hesabu ya Python. Hapo utahariri faili la kodi, ila gusa maelezo tu.

Hatua ya 3: Bonyeza penseli. GitHub itakutengenezea nakala yako ya mradi, kwa hiyo huwezi kuharibu cha mtu. Rekebisha kosa lako, uishie hapo.

Nasisitiza kuishia hapo kwa sababu niliwahi kuumbuka. Sisi tuliosomeshwa Kiingereza cha Uingereza tukiona "color" mkono unawasha. Ombi langu la kwanza kabisa lilibadilisha kila "color" kuwa "colour" na kila "behavior" kuwa "behaviour", ukurasa mzima. Kumbe "color" mojawapo ilikuwa ndani ya mfano wa CSS, lugha ya kupamba kurasa za wavuti, na kivinjari hakijui "colour" ni kitu gani. Msimamizi alilifunga kwa sentensi moja ya upole, ambayo iliniuma kuliko angenigombeza. Miradi mingine husema wazi inafuata tahajia ipi; MDN wanatumia ya Marekani. Soma faili la CONTRIBUTING.md, lenye kanuni za wachangiaji, kabla hujagusa tahajia ya mtu.

Hatua ya 4: Andika ujumbe unaoeleweka. GitHub itakupendekezea "Update README.md" (README ni faili la utambulisho wa mradi). Futa. Andika "Fix file name in install command", na chini yake sentensi moja: "The file is requirements.txt, the command is missing the final s." Msimamizi aweze kukubali bila kufungua kitu kingine.

Hatua ya 5: Tuma. Bonyeza "Propose changes", halafu "Create pull request". Acha tiki kwenye "Allow edits by maintainers". Roboti inaweza kukudai saini: Python wana mkataba wa wachangiaji, miradi mingine inataka mstari wa "Signed-off-by". Fuata maelekezo yake: mkataba husainiwa mara moja tu, ila mstari huo huwekwa kwenye kila badiliko unalohifadhi.

Ukijibiwa kwa ubaridi, usichukie. Oktoba 2020 Hacktoberfest, kampeni ya kila Oktoba ya kuhamasisha watu kuchangia programu huria, ilikuwa ikitoa fulana kwa aliyetuma maombi manne, na wasimamizi wakafurikwa na watu walioongeza neno lisilo na maana kwenye README. Waandaaji walilazimika kubadili kanuni mwezi huohuo, mradi uingie kwa ridhaa yake. Tangu hapo marekebisho ya neno moja hutazamwa kwa jicho la pembeni, hata yale ya haki.

Wiki mbili zikipita kimya, kumbusha mara moja, kwa adabu. Wengi wao hufanya kazi hii bila malipo, usiku, wakishatoka kibaruani.

Ombi likikubaliwa, futa tawi lako (branch), yaani sehemu ya nakala yako iliyobeba rekebisho. Kitufe kipo palepale. Na ukurasa ukiendelea kuonyesha requirement.txt usishtuke: nyaraka nyingine hujengwa upya baada ya muda mfupi, nyingine hungoja toleo lijalo.