Namna ya kukuza virusi vya viwavi kwenye seli bila kuvidhoofisha

Haya nimeyaandika baada ya kumwelekeza binti mmoja wa hapa Malindi anayekuza bakulovirusi ya AcMNPV, virusi vinavyoua viwavi. Chupani vilizaana vizuri. Viwavi walipolishwa, hawakufa.

1. Joto. Seli za Sf9 (seli za nondo zinazokuzwa maabara) zinataka nyuzi 27. Huku kwetu mwezi wa Machi chumba hupita 30, kwa hiyo inkubeta ya kupasha tu haifai. Tafuta inayopoza pia.

2. Anza na virusi vilivyotolewa kwenye doa moja tu la maambukizi.

3. Pima wingi wa virusi kabla ya kuambukiza. Tumia sahani ya visima 96, usikisie. Kisha weka kirusi 1 kwa kila seli 10, au pungufu. Ukimimina vingi, seli moja huingiwa na kadhaa kwa pamoja, na vile vilivyopoteza vipande vya DNA huzaana kwa mgongo wa vizima.

Ila uwiano mdogo hauzuii kila kitu. Kadiri unavyohamisha kutoka chupa hadi chupa, jeni ya virusi iitwayo FP25K huingia kasoro; pengine kipande cha DNA ya seli yenyewe huruka na kujipachika humo. Transposoni (kipande cha DNA kinachoruka) ya piggyBac iligunduliwa kwa njia hiyo. Virusi vyenye kasoro hii hutengeneza poliedra (fuwele za protini zenye virusi ndani) chache, lakini humwaga nje virusi huru, visivyofungwa humo, vingi zaidi, basi chupani ndivyo vinavyotamalaki. Shambani kiwavi huambukizwa kwa kula poliedra, kwa hiyo huko visingefika mbali. Ndiyo maana idadi ya virusi huru ikipanda usishangilie. Siku ya nne weka seli chini ya darubini: kiini kizima hujaa poliedra zinazong'aa, hata huwezi kuzihesabu. Ukiweza kuzihesabu kwa haraka, mwaga. PCR ya FP25K itakuonyesha kipande kilichoingia; badiliko la herufi moja halionekani mpaka usome mfuatano wa DNA.

4. Gandisha P2 (virusi vya uhamisho wa pili) kwenye vichupa vidogo vingi, nyuzi 80 chini ya sifuri, kwenye friza mbili tofauti kwa sababu ya umeme kukatika. Kila jaribio lirudi hapo. Mimi sivuki P4.

5. Kama unatengeneza dawa ya shambani, zalisha ndani ya viwavi hai. Seli ziachie maabara.

6. Andika namba ya P kwenye kila kichupa, mwilini, si kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana.